Mafuta yaliyokwisha kukaangia: tuanze na dumu na siku, kiwanda baadaye

Mheshimiwa mwenyekiti, ndugu zetu wa halmashauri, wenye migahawa, wakaangaji wa barabarani, na nyie vijana wa madumu mnaozunguka majikoni kubeba mafuta machafu, mliosimama kule nyuma (sogeeni jamani, viti viko huku mbele na leo mnaongelewa nyie), asanteni kwa kunipa nafasi. Nimeombwa niseme jinsi ya kuboresha ukusanyaji wa mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika katika jiji, na nimeambiwa nisizidishe nusu saa, kwaiyo salamu zingine tutapeana nje.

Nianze na lawama kidogo. Kila kikao cha mafuta machafu watu wanaanzia mwisho wa safari. Mmoja anasimama anataka kiwanda cha bayodizeli, yani dizeli inayotengenezwa kwa mafuta kama haya, mwingine anataka apu, mwingine anataka mabango ya kuelimisha wananchi, makofi yanapigwa, tunaenda kula, mafuta yanaendelea kumwagwa. Jamani wanunuzi wapo. Mafuta haya yanatafutwa na watengeneza bayodizeli, yanatafutwa na viwanda vya mafuta ya ndege, yanatafutwa na watengeneza sabuni, yanavushwa bahari na meli kutoka bara moja kwenda lingine. Kitu ambacho miji mingi haina ni kile kipande kifupi cha kutoka kwenye kikaango mpaka kwenye lori. Nani ana chombo cha kuwekea, chombo kinajaa lini, nani anakuja kukibeba, anakuja siku gani, na akishabeba anaandika nini. Hicho kipande ndo kinaamua kila kitu na ndo hakina mwenyewe.

Sasa hivi yanaenda wapi? Mengine yanaenda sinki. Mtu kamaliza kazi usiku, kachoka, kikaango kimepoa, sinki liko hapo hapo. Anamwaga, anafungulia maji ya moto, anatia sabuni ya vyombo, anaona yamepotea. Hayajapotea, yamesogea tu. Maji ya moto na sabuni vinayasukuma mpaka pale bomba lilipo na baridi, yanaganda kwenye kuta, alafu kemia inaanza: mafuta yanavunjika yanatoa asidi zake, zile asidi zinakutana na kalsiamu iliyomo kwenye maji taka na kwenye zege la mfereji wenyewe, na kinachotokea ni aina ya sabuni ngumu inayokaribia jiwe. Ikishika vitambaa vya kujifutia na takataka zingine inajenga ukuta ndani ya mfereji. Mwaka 2017 chini ya mtaa wa Whitechapel, London, walikuta donge la namna hiyo lenye urefu wa mita 250 na uzito uliokadiriwa tani 130, watu wakakaa wiki kadhaa chini ya ardhi na makoleo na mipira ya maji ya presha wakilikata vipande, na kipande kimoja mwaka uliofuata kikapelekwa makumbusho kuonyeshwa. Yani mafuta ya kukaangia yakaishia makumbusho.

Hapa naomba nitoe ushauri ambao watu wa mabango hawataupenda. Utakuta bango limeandikwa lita moja ya mafuta inachafua lita 1,000 za maji, bango la pili linasema 25,000, la tatu linasema milioni 1. Tuachane na hizo namba, zinapishana mno, na mtu mwenye akili akiziona anaacha kuamini hata zile za kweli. Mwenye mgahawa mwambie kitu kimoja: chemba yako ikiziba jioni ya wateja wengi, umefunga jiko. Hiyo anaielewa.

Mengine yanaenda kwenye taka ngumu, mfuko unapasuka, gari la taka linavuja njia nzima. Hapo sina mengi.

Kuna sehemu ya tatu, na hii ndo watu hawapendi kuitaja kwenye vikao vyenye wageni. Mafuta yanarudi kwenye chakula. Jiko kubwa linakaanga mpaka yanakuwa meusi, mtu anayanunua kwa dumu, anayachuja, anamuuzia mkaangaji mdogo ambaye hana uwezo wa kununua mapya kila siku, au yanachanganywa na mapya yanafungwa upya na mnunuzi wa mwisho hajui chochote. Na msidhani hayo ni ya nchi zisizo na maabara. China walihangaika na hili miaka na miaka, polisi wakakamata mitandao mizima iliyokuwa inachota mafuta mpaka kwenye mifereji ya migahawa, na Taiwan mwaka 2014 ilibainika kampuni moja imeuza mafuta ya kupikia yaliyochanganywa na yaliyotumika, bidhaa zikatolewa madukani mpaka nje ya kisiwa.

Kwaiyo mkusanyaji mwenye nia njema akija mlangoni na bei yake, anashindana na nani? Sinki halilipi, kwaiyo sio sinki. Anashindana na huyu anayerudisha mafuta jikoni, na huyu mara nyingi ana uwezo wa kulipa zaidi kwa sababu machoni pake yale bado ni mafuta ya kula. Mradi ambao haujakaa chini ukapiga hesabu ya bei ya huyu mtu utaokota masalia tu, yale meusi kabisa yasiyouzika kwingine, alafu ripoti itaandikwa kwamba wananchi hawana mwamko. Mwamko wanao sana! Wanajua bei.

Niseme kwanini tunahangaika nayo. Mafuta yakikaa kwenye moto wa nyuzi 160 mpaka 190 saa baada ya saa, na hewa inaingia na maji yanayotoka kwenye chakula yanaingia, yanabadilika. Yanakuwa mazito, yanatoa povu, yanatoa moshi mapema, yanatengeneza viambata vipya ambavyo wataalamu wanavipima kwa pamoja na kuviita viambata polari. Ujerumani kikomo wanachotumia ni asilimia 24, Ufaransa na Hispania 25, India nao wakaweka 25 kuanzia Julai 2018. Yakivuka hapo yatoke jikoni. Kuna kipimo cha mkononi unakichovya kwenye mafuta ya moto kinakusomea hiyo asilimia palepale, na mimi nadhani bwana afya anayezunguka majikoni bila hicho kipimo amekuja kusalimia tu.

India walifanya jambo lingine ambalo naona tuliige karibu lilivyo. Waliunganisha kikomo na ukusanyaji. Mwaka huo huo wa 2018 mamlaka yao ya usalama wa chakula ilianzisha mpango unaoitwa RUCO wa kupeleka mafuta hayo kwenye bayodizeli, na kuanzia Machi 2019 jiko linalotumia zaidi ya lita 50 kwa siku kukaangia likatakiwa kuweka kumbukumbu. Napenda hiyo lita 50 kwa sababu haimfukuzi mkaangaji mdogo na madaftari, inaanza na wale ambao mafuta yao ni mengi na wanajulikana walipo. Ukiwa na daftari la mafuta mapya yaliyoingia na daftari la machafu yaliyotoka, swali linakuja lenyewe: ndugu yangu, umenunua madumu 10 umetoa moja, tunajua mengine yameingia kwenye chakula na mengine yamepungua jikoni, lakini 9 yote?

Sasa kuna mtu lazima ataniuliza, si tuyatie rangi au kemikali yasilike tena? Linasikika vizuri. Hispania mwaka 1981 kulikuwa na mafuta ya mbegu za rapa yaliyoingizwa nchini kwa ajili ya viwanda, yametiwa anilini makusudi ili yasiliwe. Wafanyabiashara wakayasafisha wakijaribu kuondoa ile kemikali, wakayapeleka sokoni kama mafuta ya kula, na watu kama 20,000 wakaugua, zaidi ya 300 wakafa. Kwangu hiyo inatosha kufunga mjadala wa kutia sumu. Kitu chenye thamani ukikitia sumu atatokea mtu wa kujaribu kuitoa, na atakayekula sio yeye. Afadhali chombo kinachofungwa kwa namba, karatasi inayotembea na chombo, na bei inayomfanya mwenye jiko asione haja ya kuhangaika na mlango wa nyuma.

Haya, chombo chenyewe.

Miradi mingi inagawa ndoo inapiga picha inaondoka. Ndoo ile baada ya mwezi ina maji ya kunywa au ina unga. Chombo cha kazi hii kinatakiwa kiwe na mdomo mpana wa kumiminia bila kumwaga, chujio linalokaa juu, mfuniko wa kujifunga, plastiki isiyopitisha mwanga, na namba iliyochongwa, stika inabanduka na mafuta. Alafu, hili ndo kubwa, kisimiminwe pale pale. Kibadilishwe. Mkusanyaji anabeba kilichojaa anaacha kisafi kitupu, basi, dakika mbili ameondoka. Austria wana ndoo ndogo ya lita 3 ya majumbani inaitwa Öli, mtu anaipeleka imejaa anapewa nyingine safi, na sehemu ya ujanja wote iko hapo kwenye neno safi. Ukimwambia mtu amimine mafuta yake kwenye pipa la mtaa alafu arudi nyumbani na ndoo inayonata, atakuja mara ya kwanza kwa heshima yako, ya pili hamuoni. Na mwenye mgahawa ni hivo hivo, chombo kinachobaki kwake mwezi mzima bila kuoshwa kinajenga tope chini, kinanuka, kinaita mende, siku akija mkaguzi anakitupa nje. Kwaiyo gharama ya kuosha vyombo iwe ya mkusanyaji, kwenye stoo yake, kwa maji ya moto, na maji hayo ya kuoshea nayo yapite kwenye mtego wa mafuta, yani kisanduku kinachonasa mafuta maji yakapita, kabla ya kwenda kwenye mfereji, maana itakuwa kichekesho tukiziba mfereji kwa maji ya kuoshea ndoo za kuzuia mfereji usizibe.

Nimetaja mtego wa mafuta, niweke wazi: kile kinachotolewa kwenye mtego chini ya sinki au kwenye chemba ni kitu kingine, kimeshachanganyika na maji taka na mabaki, kina asidi nyingi, na hakitakiwi kamwe kuingia kwenye chombo kimoja na mafuta yaliyotoka moja kwa moja kwenye kikaango. Gari tofauti, pampu tofauti, karatasi tofauti. Ukiona mtu anachukua vyote kwa mpira mmoja, muulize anauza wapi.

Vijana wa madumu, hili lenu. Dumu lililowahi kubeba dawa ya kuulia wadudu au oili chafu ya gari lisitumike hata ulisugue na mchanga wiki nzima. Oili ya gari kidogo tu ikiingia kwenye tanki la mafuta ya kupikia, shehena yote inakataliwa, na hapo unakuwa umeharibu kazi ya wenzako wote waliomimina kabla yako. Na wenye majiko, mafuta yapoe kwanza mpaka sufuria inashikika kwa mkono ndo yaingie kwenye plastiki. Alafu tafadhali sana msijaribu kuyapoza kwa kuyamwagia maji. Maji yanazama chini ya mafuta, yanageuka mvuke kwa mpigo, mafuta yote yanaruka juu na moto wake. Watu wanaungua kila siku kwa hilo.

Kwanini nakazania maji? Kwa sababu ya kinachotokea huko kiwandani. Bayodizeli inatengenezwa kwa kuchanganya mafuta na methanoli (aina ya alkoholi) na kichocheo kidogo, kilo 100 za mafuta na karibu kilo 10 hadi 11 za methanoli zinatoa kama kilo 100 za bayodizeli na kilo 10 za gliserini, hesabu nzuri kabisa. Lakini mafuta yakiwa na maji, au yakiwa yamekaa na maji mpaka asidi imepanda, kichocheo kinatengeneza sabuni ndani ya tanki na mzigo unakuwa uji. Kwaiyo mnunuzi akikukata bei kwa ajili ya maji hakuonei. Kipimo cha kienyeji kipo: chota kidogo kutoka chini ya dumu, chini sio juu, pasha kwenye kijiko cha chuma, yakipasuka pasuka yana maji. Maji yanakaa chini kwa sababu mafuta ni mepesi, lita moja ina uzito wa kama gramu 920. Na hapo hapo ndo penye wizi mdogo mdogo wa kila siku, mtu anapima kwa lita anaandika kilo au anapima kwa kilo anaandika lita, dumu la lita 20 lina kama kilo 18 na nusu, tofauti hiyo ya kilo moja na nusu ukiizidisha kwa madumu ya mwaka mzima kuna mtu anajenga nyumba. Mizani iwe kwenye gari, isomwe na wote wawili, risiti itoke palepale na bei iwe kwa kilo. Hapo mabosi msininunie.

Siku sasa. Mfumo unaopendwa ni wa kupiga simu: chombo kikijaa mwenye jiko anapiga, gari linakuja. Kwenye karatasi unaonekana wa kisasa, mtaani unakufa, kwa sababu jiko hili limepiga jumatatu, la mtaa wa nne limepiga jumanne, la upande wa pili wa mji limepiga jumatano, gari linazunguka mji mzima kufuata dumu moja moja, mafuta ya gari yanakula faida, mkusanyaji anaanza kuchelewa, mwenye jiko chombo kimemjalia anamwaga. Chukulieni mfano huu. Gari linapita sehemu 40, kila sehemu lita 5, siku nzima umerudi na lita 200. Gari lingine linapita sehemu 10, kila sehemu lita 60, saa nne kasoro asubuhi umeshapata lita 600 na dereva anakunywa chai. Mafuta ni yale yale, mji ni ule ule. Kilichobadilika ni mpangilio.

Kwaiyo majiko makubwa yapewe siku maalumu, mtaa mzima siku moja, saa inayojulikana, na gari lije hata kama chombo kimoja hakijajaa, kwa sababu kuaminika kwa ile siku ni mali kuliko lita tatu ulizokosa. Wakaangaji wadogo huwezi kuwafuata mmoja mmoja, hawa wapewe jiko mwenyeji, yani mgahawa mmoja kwenye kila kundi unaokubali kuwa na kontena kubwa uani, wadogo wanaleta vyombo vyao hapo, mwenyeji anapata kamisheni yake kwa kilo. Mwenyeji asiyelipwa atachoka, tusidanganyane na maneno ya kujitolea. Na kontena liwe na kufuli jamani. Marekani wizi wa mafuta machafu nyuma ya migahawa umeshapeleka watu mahakamani mara nyingi tu, kitu kikishakuwa na bei kina mwizi.

Majumbani ni kazi nyingine kabisa na naomba tusiianze mwaka wa kwanza. Hata Ulaya ambako migahawa mingi inakusanyiwa, mafuta ya majumbani yanayopatikana bado ni sehemu ndogo, kwa sababu nyumba moja inatoa kidogo sana, na gari haliwezi kwenda mlango kwa mlango kufuata kikombe. Waliofanikiwa wamemfanya mwananchi alete mwenyewe mahali anapokwenda hata hivyo. Kyoto, Japani, walianza mwaka 1997, mwaka ule ule mji wao ulipokuwa mwenyeji wa mkutano mkubwa wa tabianchi, wakatumia vikundi vya wakazi wa mitaa kusimamia vituo vya kukusanyia, na mafuta yale yakageuzwa kuwa dizeli ya magari ya taka ya jiji, baadae na mabasi. Mimi ninachokipenda pale ni kwamba mama wa nyumbani aliyeleta chupa yake alikuwa analiona gari la taka lililokunywa ile chupa likipita mbele ya mlango wake. Hakuna bango linalofikia hapo. Jiji lolote lenye magari yake ya taka linaweza kufanya hivyo kabla halijaota habari ya kuuza nje.

Na kuuza nje nako tuongee kikubwa. Bei ya mafuta haya imepandishwa na ndege. Novemba 2023 Virgin Atlantic walirusha ndege kubwa kutoka London mpaka New York kwa mafuta ambayo sehemu kubwa ilitokana na mafuta taka, ya kukaangia yakiwemo, na Umoja wa Ulaya umeweka sheria kwamba kuanzia 2025 mafuta ya ndege kwenye viwanja vyao yawe na angalau asilimia 2 ya yale endelevu, ifike 6 mwaka 2030. Raha hiyo. Ila ina mambo mawili. Bei ya machafu ikikaribia au kuipita ya mapya, mtu anapata wazo la kununua mapya akayaita machafu, na Ulaya wana wasiwasi mkubwa kwamba mawese mapya yanaingia kwao kwa jina hilo, ndo maana mnunuzi wa huko anadai karatasi kutoka jikoni mpaka bandarini, na mji usio na karatasi hauuzi, au unauza kwa dalali anayekula katikati. Jambo la pili, soko hili linayumba kwa sheria za watu wengine. Desemba 2024 China, ambao ni wauzaji wakubwa kuliko wote, waliondoa nafuu ya kodi kwa wanaouza nje, na bei za watu ambao hawajawahi hata kuiona China zikatikisika. Kwaiyo mkataba wa jiko na mkusanyaji usiandikwe bei moja ya mwaka mzima. Andikeni bei ya chini ambayo haishuki, alafu juu yake sehemu inayopanda na kushuka na soko, ibadilishwe kila robo mwaka na itangazwe ukutani pale mizani ilipo.

Halmashauri, nimewaweka mwisho kwa makusudi. Najua kuna mpango wa kumpa mkandarasi mmoja jiji lote. Naelewa utamu wake, unasaini karatasi moja unalala. Lakini mkandarasi mmoja akishajua hana mwenzake bei inashuka mpaka chini ya ile ya mlango wa nyuma, na tumeshaona mlango wa nyuma unaelekea wapi. Kwa upande mwingine ukiacha kila mtu abebe bila kibali, hujui kilichobebwa kimekwenda wapi. Mimi nashauri vibali vingi, masharti makali machache: uwe na stoo inayokaguliwa, vyombo vyenye namba, mizani iliyopigwa muhuri, na kila mwezi ulete hesabu ya kilo ulizochukua, jiko kwa jiko, na kilo ulizouza, mnunuzi kwa mnunuzi. Hesabu mbili hizo zisipolingana kwa zaidi ya kile kinachopotea kwenye maji na tope, kibali kinakaa kando mpaka maelezo yapatikane. Hiyo inahitaji karani mmoja mwenye kompyuta na jeuri kidogo.

Na hawa vijana wa madumu wasifukuzwe. Wanajua kila jiko, wanajua nani anabadilisha mafuta siku gani, wanajua hata nani ananunua ya kurudisha kwenye chakula. Ukiwakamata unapoteza ramani yote hiyo. Wapeni kibali cha daraja la chini, wasiwe na lazima ya stoo, wapeleke kwa mwenye stoo aliyesajiliwa, wavae kitambulisho, na anayepeleka kwingine anyang'anywe. Wengi wao watachagua pesa ya uhakika ya kila wiki, sio wote, ila wengi.

Tuanzie wapi? Sio mji mzima. Tuchukue mitaa michache, vyombo vya kutosha vya kubadilishana, gari moja, siku moja kwa wiki kila mtaa, miezi sita, bila uzinduzi wa maturubai. Tupime vitu viwili tu, kilo kwa kila kituo gari lilipopita, na idadi ya mara ambazo chemba za mitaa hiyo zimezibuliwa ukilinganisha na kabla. Kwenye kuchagua mitaa ndo sitaki tuchague kwa siasa. Mwenyekiti, naomba kipaza sauti aende nacho yule bwana wa idara ya maji taka aliyekaa pale pembeni, atusomee orodha ya chemba zinazozibuliwa mara nyingi zaidi na ziko wapi, maana mafundi wake wanayo kwenye madaftari yao na sisi wa mafuta hatujawahi kuwauliza.